Sungura wako ana mimba au ni mimba hewa? Hesabu siku, andaa boksi mapema

Dar es Salaam. Saa 12 asubuhi unatoka na ndoo ya maji kwenda bandani. Unakuta vitoto saba vya sungura vimetapakaa juu ya waya, vimepoa kabisa, viwili vimedondokea chini kwenye kinyesi. Mama yao amejikunyata kona, manyoya ya kifuani yamenyofoka. Wiki nzima ulikuwa unajiuliza kama ana mimba. Jibu umelipata, ila limechelewa.

Kwa mfugaji mdogo wa Gongo la Mboto, Ulongoni, Majohe au Chanika, mwenye majike matatu manne nyuma ya nyumba, uzao mmoja ukipotea hivyo ni mwezi mzima wa chakula na usafi uliokwenda bure. Na mara nyingi kilichoua siyo ugonjwa. Ni kutojua tarehe.

Habari njema ni kwamba sungura ni mnyama wa hesabu. Ukijua siku aliyopandwa, unaweza kujua kama amebeba kabla hata ya wiki mbili kwisha, na unaweza kujua atazaa lini kwa tofauti ya siku moja au mbili tu. Huhitaji mashine. Unahitaji kalamu, kalenda na mkono mwepesi.

Kwanza, elewa mwili wake

Sungura jike hana mzunguko wa joto kama ng'ombe au mbuzi. Mayai yake yanakaa tayari, na yanaachiwa baada ya kupandwa, takribani saa 10 hadi 12 baadaye. Yaani tendo la kupandwa ndilo linaloamsha mayai.

Tabia hiyo iliwahi kumfanya sungura kuwa kipimo cha mimba za binadamu. Mwaka 1931, Maurice Friedman na Maxwell Lapham wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza njia ya kumchoma sungura jike sindano yenye mkojo wa mwanamke, kisha kuangalia mifuko yake ya mayai baada ya siku mbili hivi. Kama mwanamke ana mimba, homoni iliyo kwenye mkojo ilikuwa inaamsha mayai ya sungura. Miaka mingi hospitali za huko zilitegemea kipimo hicho, na kwa kawaida sungura alipoteza maisha.

Kumbe mnyama aliyekuwa akipima mimba za wengine, mimba yake mwenyewe haina kipimo cha dukani. Inabaki mikono yako.

Somo la pili kwenye tabia hiyo ni hili: mayai yakishaamshwa, mwili wa jike unajiandaa kwa mimba hata kama mbegu ya dume haikushika. Hapo ndipo inapozaliwa mimba hewa, ambayo tutaifikia.

Kila kitu kinaanza siku ya kupandisha

Jike apelekwe kwenye kizimba cha dume, siyo dume kwenda kwa jike. Jike kwake ni mkali, anaweza kumng'ata mgeni.

Simama uangalie. Dume akimaliza kwa mafanikio, mara nyingi anaanguka ubavuni au kinyumenyume, wakati mwingine na mlio mfupi. Hukuona akianguka? Usihesabu. Wengine huwarudisha tena baada ya saa chache ili kuongeza uhakika. Ni sawa, ila iwe siku hiyo hiyo, maana ukiwaacha pamoja wiki nzima hutajua tena mimba ni ya siku gani.

Jike wa aina ya New Zealand au California aanze kupandishwa akiwa na miezi mitano hadi sita na mwili umekaa vizuri. Akipandishwa mdogo sana, vitoto vinakuwa dhaifu na yeye anadumaa.

Sasa chukua kalamu. Andika kwenye ukuta wa banda, kwenye kadi au kwenye simu: jina au namba ya jike, dume, tarehe. Mimba ya sungura inachukua siku 31 kwa wengi wao. Kuzaa kati ya siku ya 28 na 32 ni kawaida.

Mfano, amepandwa Juni 1:

- Juni 11 hadi 15 (siku ya 10 hadi 14): papasa tumbo.
- Juni 29 (siku ya 28): weka boksi la kuzalia.
- Julai 2 (siku ya 31): tegemea kuzaa.
- Julai 4 (siku ya 33): hajazaa? Tafuta mtaalamu wa mifugo.

Kupapasa tumbo: njia ya kuaminika zaidi

Siku nzuri ni ya 12. Ukiwa mgeni wa kazi hii, subiri hadi ya 14. Kabla ya siku ya 10 vijusi ni vidogo mno. Baada ya siku ya 16 vinakuwa laini na vikubwa, vinachanganyika na matumbo, na mkono mzito unaweza kuviumiza.

Fanya asubuhi kabla ya kumlisha, tumbo likiwa halijajaa. Fuata hatua hizi:

1. Tandika gunia juu ya meza ili asiteleze. Mweke sungura akikuangalia wewe.
2. Mkono mmoja ushike kwa upole ngozi ya mabegani. Usimbebe kwa masikio hata siku moja. Mwache atulie dakika moja mbili. Akikakamaza tumbo huwezi kuhisi kitu.
3. Mkono wa pili upitishe chini ya tumbo, kiganja kikiangalia juu, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kidole gumba kiwe upande mmoja, vile vinne upande wa pili.
4. Bana kidogo sana, kisha peleka mkono mbele na nyuma taratibu.

Kama amebeba, utahisi vitu vya mviringo vinateleza kati ya vidole, kama gololi zilizo ndani ya kitambaa kilicholowa. Siku ya 12 ni saizi ya gololi. Siku ya 14 ni kama zabibu kubwa. Vinakuwa upande wa chini wa tumbo, pande mbili, kwa sababu mfuko wa uzazi wa sungura una matawi mawili.

Hapa wengi wanakosea: kinyesi nacho ni cha mviringo. Tofauti ni hii. Punje za kinyesi ni ndogo, ngumu, zimepangana mstari, na ziko juu karibu na uti wa mgongo. Vijusi ni laini zaidi, vikubwa, na vinakimbia ukivigusa.

Ukihisi gololi moja, acha. Huna haja ya kuhesabu zote. Kubana-bana ili ujue ziko ngapi ndiko kunakoharibu mimba.

Kama hujawahi kufanya, anza na jike unayejua kabisa hana mimba. Ukishazoea tumbo tupu lilivyo, lenye mimba litajieleza lenyewe.

Dalili zinazodanganya

"Amenenepa." Siku za mwanzo uzito hauongezeki sana. Kinachoongeza ni siku kumi za mwisho. Na sungura anayelishwa pumba nyingi ananenepa tu bila mimba. Ukiwa na mizani ya jikoni, mpime siku ya kupandishwa na tena baadaye, ila usiamue kwa uzito peke yake.

"Amemkataa dume." Wapo wanaomrudisha jike kwa dume baada ya wiki mbili ili kuona kama atakataa. Njia hii haiaminiki. Kuna majike wenye mimba wanaokubali, na wasio na mimba wanaokataa. Zaidi ya hapo unampa purukushani mjamzito.

"Amekuwa mkali." Inaweza kuwa mimba. Inaweza pia kuwa joto, njaa, au amekuchoka tu.

"Chuchu zimetokeza." Hii ni dalili ya kweli, lakini inakuja mwishoni, na hata mwenye mimba hewa anaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo ukienda kununua sungura na muuzaji anakwambia "huyu ana mimba tayari", muulize swali moja tu: alipandwa tarehe ngapi? Kama hana tarehe, lipa bei ya sungura asiye na mimba. Kama anayo na imefika siku ya 12, mwombe apapase mbele yako, nawe uguse.

Mimba hewa: jike anayejiandaa kwa watoto ambao hawapo

Siku ya 16, 17 au 18 unamkuta jike anabeba majani mdomoni, ananyofoa manyoya, anapanga kiota. Unafurahi. Unakimbia kutafuta boksi. Siku zinapita, hakuna kitu.

Hiyo ni mimba hewa. Mayai yaliamshwa, mwili ukaamini una mimba, na hali hiyo hudumu kama siku 16 hadi 18. Sababu zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza, majike wanaokaa pamoja kupandana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana jike wa uzazi anatakiwa akae kizimba chake. Ya pili, dume amepanda vizuri lakini mbegu zake hazina nguvu.

Kwa mkazi wa Dar hiyo ya pili ndiyo ya kuiangalia. Sungura anajisikia vizuri kwenye nyuzi joto 15 hadi 25 hivi. Desemba hadi Machi mchana wa Dar unapita nyuzi 30, na unyevu juu yake. Banda likiwa limeezekwa bati chini chini, ndani ni tanuri. Joto kali la siku kadhaa mfululizo linaweza kumfanya dume awe tasa kwa muda, na mbegu nzuri zikachukua takribani miezi miwili kurudi. Anapanda, anaanguka, kila kitu kinaonekana sawa, kumbe hakuna kitu.

Kwa hiyo majike wawili watatu wakifuatana kutoshika baada ya miezi ya joto, usikimbilie kuwachinja majike. Muangalie dume kwanza. Mhamishie kivulini, chini ya mwembe kama upo, inua paa, weka makuti juu ya bati. Chupa ya plastiki yenye maji yaliyoganda, ikifungwa kitambaa na kulazwa kizimbani saa za mchana, inasaidia sana. Pandisha alfajiri au jioni, siyo saa saba mchana.

Namna ya kutofautisha ni kalenda tena. Anayenyofoa manyoya siku ya 17 ni mimba hewa. Anayenyofoa siku ya 29 anakaribia kuzaa. Na kama ulipapasa siku ya 12 hadi 14 ukakosa gololi, ulishajua mapema. Subiri hadi siku ya 18 ipite, mpandishe tena.

Wiki tatu za katikati: acha atulie

Amebeba. Sasa usimharibu kwa upendo.

Chakula. Kosa kubwa ni kumjazia pumba na chakula cha dukani kuanzia siku ya kwanza "kwa sababu ana mimba". Jike mnene sana anapata shida wakati wa kuzaa, na siku za mwisho anaweza kuugua ghafla, akaacha kula na kufa. Nyasi kavu na majani viwe ndiyo chakula kikuu. Mchunga, matembele na majani ya lukina kwa kiasi, yanatosha na chakula kidogo cha vidonge. Ongeza taratibu kuanzia wiki ya mwisho, na zaidi akishaanza kunyonyesha.

Majani yaliyokatwa bondeni yakiwa na maji yaanike yanyauke kwanza. Usikate kando ya mtaro wa maji machafu wala mahali panapopulizwa dawa. Na haya asiguse kabisa: majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo. Yana sumu.

Maji. Yawepo saa 24. Mama mwenye watoto anaweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Akikosa maji usiku wa kuzaa, uwezekano wa kula watoto wake unaongezeka. Watu wanasema "jike katili". Mara nyingi ni kiu, hofu au chakula duni.

Dawa. Usimpe dawa ya binadamu. Hasa amoksilini na ampisilini za kumeza zinaua sungura kwa kuharibu bakteria wa tumboni wanaomsaidia kusaga chakula. Hata dawa ya minyoo, muulize afisa mifugo wa kata kwanza.

Utulivu. Sungura wa Gongo la Mboto amezoea ndege zinazoelekea uwanja wa Julius Nyerere na mingurumo ya barabara. Kelele za kila siku hazimtishi sana. Kinachomtisha ni kelele ya ghafla: pikipiki inayowashwa karibu na banda, mbwa anayebweka kizimbani, spika za kigodoro zinazoegemezwa ukuta wa nyuma usiku. Akishtuka anaruka, anaweza kuumia mgongo au kuharibu mimba. Wakati mtaa una sherehe, funika kizimba kwa gunia upande wa kelele, ila uache hewa ipite.

Boksi la kuzalia: siku ya 28, siyo kabla

Vitoto vya sungura vinazaliwa uchi, macho yamefungwa, haviwezi kujipasha joto. Boksi ndilo linafanya kazi ya blanketi. Bila boksi, vinatawanyika kwenye waya na kupoa hata usiku wa Dar tunaouona wa joto.

Kwa sungura wa saizi ya kati na kubwa, boksi liwe na urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30. Upande wa mbele ukatwe ubaki kama sentimita 15, mama aingie bila kurukia watoto, na watoto wasitoke ovyo. Toboa matundu madogo chini mkojo upite.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa vipande vya mbao. Hata mbao za tenga la nyanya zinafaa, ilimradi uzisugue, ung'oe misumari na kuhakikisha hazina rangi wala dawa. Boksi la karatasi ngumu ni la dharura tu, maana litaloa na kuoza. Kama boksi lilishatumika, lioshe kwa sabuni, lianike jua kali likauke kabisa.

Ndani weka maranda ya mbao kama sentimita tano, juu yake nyasi kavu za kutosha. Tengeneza shimo kwa ngumi upande wa ndani. Epuka vitu hivi:

- Vumbi laini la mbao: linaingia puani mwa vitoto.
- Vitambaa na nyuzi: vinajizungusha miguuni na shingoni.
- Nyasi mbichi: zinaleta unyevu na ukungu.

Kwa nini siku ya 28? Ukiweka mapema, jike analigeuza choo, na watoto watazaliwa kwenye mkojo. Ukichelewa, utakuta yale ya asubuhi tuliyoanza nayo. Liweke kona ambayo hajisaidii.

Hakikisha pia maadui hawafiki. Panya wa usiku wanabeba vitoto. Paka shume wanapenya kwenye wavu uliolegea. Na mvua za masika zikianza, siafu wanahama, wanaweza kumaliza kiota kizima usiku mmoja. Simamisha miguu ya banda kwenye makopo yenye oili chafu, na hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa banda kutoka nje na kuwa daraja lao.

Usiku wa kuzaa

Siku moja au mbili kabla, atakula kidogo. Ni kawaida. Atapanga nyasi, atanyofoa manyoya ya kifuani na tumboni kutandikia kiota. Wengi huzaa usiku au alfajiri, na kazi yote mara nyingi huisha ndani ya nusu saa.

Usimsimamie na tochi. Usiite majirani. Weka maji ya kutosha, funga mlango, kalale.

Asubuhi, mpe majani anayoyapenda ili ashughulike. Nawa mikono, isugue kwenye manyoya yake au kwenye maranda ya boksi, kisha toa boksi nje ukague:

- Ondoa waliokufa na mabaki ya uzazi. Wakibaki, harufu inaita siafu na panya.
- Hesabu walio hai, andika.
- Hakikisha wote wako pamoja, wamefunikwa manyoya. Kama mama hakunyofoa ya kutosha, nyofoa kidogo ya tumboni mwake. Wakati huu yanatoka kirahisi.

Ukikuta kitoto kwenye waya kimepoa na hakitikisiki, usikitupe haraka. Kiweke kifuani kwako ndani ya nguo, au karibu na chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Wapo wanaoonekana maiti, wanapata joto, wanaanza kujinyonganyonga. Kikirudi, kichanganye na wenzake.

"Mbona hanyonyeshi?"

Swali hili linawasumbua wageni wote. Jike anakaa mbali na boksi siku nzima, mtu anadhani amewatelekeza. Hapana. Sungura ananyonyesha mara moja, au mbili, kwa siku, dakika tatu hadi tano tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Porini tabia hiyo inamsaidia asiwaonyeshe maadui kiota kilipo.

Angalia matumbo ya vitoto asubuhi. Aliyenyonya ana tumbo la duara kama mpira, ngozi nyororo. Aliyelala njaa ana ngozi yenye mikunjo na tumbo limeingia ndani. Kama wote wako hivyo kwa siku mbili, mshike mama kwa upole juu ya boksi wanyonye, kisha tafuta ushauri.

Jike ana chuchu nane hadi kumi. Akizaa kumi na mbili, wadogo watashindwa kugombania. Ndiyo maana wazoefu wanapandisha majike wawili siku moja: wanazaa kwa kukaribiana, na waliozidi kwa mmoja wanahamishiwa kwa mwenzake mwenye wachache. Changanya vitoto vya umri unaolingana, tofauti isizidi siku mbili tatu. Wasugue kwa manyoya ya mama mpya, wawekwe katikati ya wenzao.

Na kwa joto letu, kuna kosa la upande wa pili: kiota kinachochemka. Ukikuta vitoto vimetawanyika ndani ya boksi, vyekundu, vinahema haraka, punguza manyoya ya juu na usogeze banda kivulini.

Macho yanafunguka siku ya 10 hadi 12. Likigoma baada ya hapo, lifute kwa pamba yenye maji vuguvugu safi. Karibu wiki ya tatu wanaanza kutoka wenyewe na kuonja majani. Hapo toa boksi.

Piga simu kwa mtaalamu ukiona haya

- Siku ya 33 imefika na hajazaa. Kadiri anavyochelewa, ndivyo hatari ya watoto kufia tumboni inavyoongezeka.
- Anasukuma zaidi ya saa moja bila kitoto kutoka.
- Damu inatoka kwa wingi au usaha wenye harufu.
- Ameacha kula kabisa na amelegea, kabla au baada ya kuzaa.
- Matiti yamevimba, ya moto na magumu.

Namba ya afisa mifugo wa kata yako uwe nayo kabla, siyo uanze kuitafuta saa nane usiku. Ulizia ofisi ya serikali ya mtaa au duka la dawa za mifugo lililo karibu.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Simu uliyoshika mkononi ina kalenda. Ukipandisha leo, weka kengele nne: siku ya 12 "papasa", siku ya 28 "boksi", siku ya 31 "maji na utulivu", siku ya 33 "mtaalamu". Inachukua dakika mbili. Vitoto saba vya pale mwanzo vilikosa kengele ya pili tu.